Sukre ya Mama, Msimu wa Posa ya Feza

Maganda ya nanasi yakikaa siku mbili ndani ya mtungi huanza kutoa harufu ambayo huwezi kuiapia kama ni ya tunda au ya kileo, tamu mbele na kali nyuma. Harufu hiyo ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Kasongo msimu ule wa mvua dada yangu Feza alipoposwa. Ilitoka chini ya kitanda cha wazazi, ikapita chini ya pazia, ikaingia katika nguo zetu za shule na katika blanketi tulilojifunika watoto. Hata leo nikipita sokoni karibu na mama anayemenya mananasi, mimi husimama kidogo, wala si kwa hamu. Husimama kwa uchovu, kama mtu aliyekumbushwa kazi ambayo haikuisha. Nilikuwa katika umri wa kutumwa maji lakini si wa kuambiwa siri. Ila katika nyumba ya vyumba viwili siri haina pa kulala, kwa hiyo nilizijua zote.

Kwetu kinywaji chochote cha chupa chenye gesi na kisicho na kileo huitwa sukre. Wanaokunywa pombe humpa mgeni bia. Nyumba ya Kiprotestanti kama yetu, ambayo baba alikuwa mzee wa kanisa, ilimpa mgeni sukre. Na mwenyeji hakuiweka tu chupa mezani akaondoka. Aliifungua mbele ya macho ya mgeni, akajimiminia katika glasi yake, akanywa, ndipo akammiminia mwenzake. Maana yake aliijua kila mtu: humu hamna sumu, na kama imo tutakufa wote. Baba alikuwa mkulima wa mpunga, hakuwa tajiri wa kitu, lakini kwa ajili ya uzee wa kanisa wageni wetu walikuwa hawakatiki. Walikuja waliogombana na wake zao, waliofiwa, waliotafuta ushauri, na wale ambao mama alisema walitaka sukre tu wakatafuta ugomvi wa kuja nao. Wote baba aliwaonjea. Siku ya mikutano aliwaonjea mmoja baada ya mwingine mpaka jua likazama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Kwetu mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Baba alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka kubeba magunia, na kila mara alikuwa njiani kwenda chooni. Akakonda shingo. Kidonda alichojikata kwa jembe mguuni kilikataa kufunga. Wageni wakishaondoka alikuwa akikaa chini, mgongo ukutani, miguu mbele, na tukimsemesha anaitikia kama aliye mbali. Mama alipomburuta hatimaye mpaka dispanseri, nesi akawaambia kwamba sukari imejaa katika damu, akampa vidonge, na kusema kuanzia siku ile asiguse sukari wala sukre.

"Na wageni?" baba akauliza.

"Wageni wakunywe maji," nesi akasema.

Mama alituhadithia baadaye kwamba baba alicheka mpaka akakohoa. Kumpa mgeni maji matupu, mzee wa kanisa, katika mji ambao habari hukimbia kuliko pikipiki.

Labda angepata ujasiri wa kusema ukweli, lakini wiki zile zile ndipo ulipoletwa ujumbe kutoka Kabambare. Kijana mmoja wa Kibangubangu aliyekuwa akifanya biashara ya nguo Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, alimwona Feza kwenye harusi ya rafiki na sasa wazee wake walitaka kuja. Kwetu kabla ya mahari watu huchunguzana. Huuliza majirani: nyumba ile kuna wazimu? Kuna kifafa? Ugonjwa wa sukari wakati ule ulikuwa bado haujazoeleka, na watu waliuogopa kwa sababu hawakuujua. Walisema huo uko katika damu, na damu ndiyo mtu anayokwenda kuichukua akioa. Feza alimpenda yule kijana. Hatukuhitaji kuambiwa, alikuwa akiimba akiosha masufuria, na Feza hakuwa mtu wa kuimba. Basi baba akalipiga marufuku neno lenyewe ndani ya nyumba. Tukihitaji sukari ya chai tulisema "ile nyeupe".

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama akamwambia.

"Kiniumbue kisha ya ndoa," baba akamjibu.

Mama hakubishana. Nadhani alikuwa amechoka mno hata kubishana. Aliamka kabla yetu kukanda unga wa mikate ile ya kukaanga aliyouza barabarani, akaenda shambani, akarudi akapika, na sasa aliongezewa kazi ya kumwokoa mtu asiyetaka kuokolewa mbele za watu. Alichokifikiria kilikuwa rahisi. Kama baba lazima anywe kitu kinachotoa povu mbele ya mgeni, basi yeye atatengeneza kitu kinachotoa povu ambacho hakitamuua. Alichukua maganda ya nanasi, akayaosha, akayatia katika mtungi pamoja na tangawizi iliyopondwa na maji yaliyochemshwa yakapoa, akaongeza kijiko cha ile nyeupe, basi. Akafunika kwa kitambaa na kuuingiza mtungi chini ya kitanda. Kesho yake tukasikia mtungi unanong'ona. Mama akaniambia povu ndilo linalokula sukari. Nikaamini kuna mdudu mwema anayemlia baba sukari yake, na nilikuwa nikiinama chini ya kitanda kumsalimia.

Mtungi wa kwanza mama aliuacha siku nyingi, akidhani mdudu akila zaidi ndiyo vizuri zaidi. Alipoutia katika chupa, chupa moja ilipasuka tukiwa kanisani. Nyingine baba aliifungua Jumapili ile ile, akainusa, akaiweka chini polepole, akamtazama mama bila hasira.

"Mama Feza, hii iko pombe."

Mama akaketi juu ya kinu na kuziba uso kwa kitenge. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia kwa sababu ya jikoni. Upande huu sukari, upande ule pombe, na katikati nafasi nyembamba ambayo mzee wa kanisa mgonjwa angeweza kupitia. Ukifungua mapema maji ni matamu na hayana povu. Ukichelewa, kanisa litakuita. Basi akaanza tena, na tena. Alijifunza kuuonja mtungi asubuhi na jioni, kuuchuja mara tu povu linapopanda, na kuutia katika chupa usiku mmoja tu kabla ya kufungua, kizibo cha gunzi la mahindi kikifungwa kwa kamba ili kisiruke. Sukari iliyokosekana aliitafutia wa kuishika nafasi yake. Tangawizi iliushughulisha ulimi, mchaichai ulileta harufu, maua mekundu ya choya yalileta rangi ili jicho lidhani limeona utamu, na limau lilikamuliwa mwishoni kabisa, ndani ya glasi. Haikuwa dawa na mama hakuwahi kusema ni dawa. Vidonge vya dispanseri baba aliendelea kumeza vilipopatikana. Lakini kidonda mguuni kilianza kukauka pembeni, na wageni wa kawaida walisifu sukre ya mama kwa sababu mvua ilikuwa imekata daraja na malori yenye vinywaji hayakufika Kasongo. Barabara mbovu tunayoilaani miaka yote, mwaka ule ilikuwa upande wetu.

Wazee wa Kabambare wakaja kwa pikipiki, watatu, wametapakaa matope mpaka nyusi. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mtu mrefu, mkimya, anayekaa kwa kushika kiti kwanza. Mama alipanga chupa zake mezani juu ya kitambaa cheupe. Feza alijificha jikoni. Baba akafungua chupa ya kwanza, kizibo kikalia vizuri, povu jekundu likapanda, akajimiminia, akanywa, akawamiminia. Baba mkubwa akaonja, akatulia, akanywa yote. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akashusha mabega. Ndipo mdogo wao akatoka nje, akarudi amekumbatia kazie, yaani kreti zima, ya sukre ya kiwandani waliyoifunga nyuma ya pikipiki tangu Kabambare, chupa za machungwa zinazong'aa, vizibo vya bati.

"Hii ni ya kusalimia nyumba," akasema. "Tunakunywa wote pamoja. Baba, utufungulie."

Zawadi kama ile huwezi kuiweka kabatini. Hufunguliwa pale pale, na mwenye nyumba ndiye wa kwanza. Na si ya kuonja, maana zawadi humalizwa. Chupa zilikuwa nyingi na sherehe ingekuwa ndefu. Nilimwona mama akipeleka mkono kinywani. Baba hakumtazama. Alikwishachukua chupa na kuifungua, alikwishajaza glasi, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesaini. Kwa ajili ya Feza angekunywa kazie nzima, hilo nalijua hata leo.

Baba mkubwa akanyoosha mkono, akakiweka kiganja chake juu ya glasi ya baba.

"Hapana, mukwe," akasema. "Pikipiki imetutikisa siku nzima, tumbo yangu haitaki hii. Hii ya kiwanda tuwaachie watoto. Mi nataka ile ya nyumba. Na siwezi kukunywa peke yangu, tukunywe wawili."

Mdogo wake alinung'unika kidogo, lakini mkubwa akishasema amesema. Sisi watoto tukapewa kazie, tukanywa mpaka matumbo yakauma. Wazee wawili wakaendelea na chupa nyekundu za mama, wakazungumza mbuzi na vitenge na tarehe, na posa ikapokelewa kabla ya jioni.

Wakati wa kunawa mikono, nyuma ya jiko, mama alimmiminia maji yule baba mkubwa na mimi nilishika sabuni. Alinawa taratibu sana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

"Mama, hii kinywaji haikutengenezwa juu ya wageni. Ilitengenezwa juu ya mutu mugonjwa."

Mama akaacha kumimina.

"Usiogope. Mi pia niko na ile ugonjwa. Kila nyumba naingia wananifungulia sukre, na mi nakunywa. Nitakataa namna gani? Mutu amekwisha kuonja mbele yako."

"Na kwenu wanajua?" mama akauliza.

"Muke wangu tu." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nimechoka, mama. Uniambie namna unatengeneza."

Mama akamwambia yote, maganda, mchaichai, siku ya kuchuja, naye akawa anarudia maneno kama mtoto wa katekisimu. Wakaahidiana kunyamaza, yeye kwao na mama kwetu, na ahadi hiyo haikuvunjwa. Feza akaolewa. Kwa miaka wazee wale wawili walitembeleana, Kasongo kwenda Kabambare na kurudi, kila mmoja akifungua chupa ya nyumbani mbele ya mwenzake na kuionja kwa heshima zote, wakijua wanachojua. Sikuwahi kuwasikia wakilitaja neno. Baba aliwashika watoto wa Feza mikononi. Alikufa mzee, na waliokuja kumzika walisema marehemu hakuwa na ugonjwa wowote.

Sasa mimi ndiye niliye katika umri ule wa baba. Ninafundisha hapa hapa Kasongo, watoto wangu wamekua, na mwaka juzi nesi mwingine, wa dispanseri nyingine, alinitazama kwa macho yale yale na kuniambia nililolijua kabla hajafungua mdomo. Mambo yamebadilika. Sukre haingoji lori wala daraja, inakuja kwa pikipiki katika chupa za plastiki za kila rangi, na hakuna tena anayemwonjea mgeni, maana watu wanakiamini kizibo kuliko wanavyomwamini mwenye nyumba. Namna ya mama ninaijua, na ninayo hata njia ya mkato: limau, tangawizi, maji, na chembe ya bikarbonati ya kuumulia mikate itiwe mwishoni, inachemka ndani ya glasi na unakunywa upesi. Jioni nyingi nafika nyumbani nikiwa sina nguvu hata ya kukamua limau. Mama alikuwa na kazi kunizidi na aliyafanya yote yale, sijui kwa nguvu gani, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Mimi pia sikumuuliza.

Na ugonjwa wangu sikuuficha. Tumefundishwa kwamba kuficha ni ujinga, na ni kweli, kwa hiyo ninausema kanisani, shuleni, kwa wakwe. Mji mzima unajua. Baba hakulitamka neno lile mbele ya mgeni hata siku moja, na watu wawili walihangaika ili asiguse sukari. Mimi nalitamka katika kila nyumba ninayoingia. Wananipa pole, na pole yao inatoka moyoni, kisha wananifungulia sukre.