Mwanaima na Fomu Arobaini na Moja Zisizo na Kosa

Mwanaima Yassini hajafa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimwambia mtu kwamba nataka kuandika habari zake, ananiuliza amefariki lini. Ndivyo tulivyo. Mtu akiwa hai tunamnung'unikia, akishazikwa ndipo tunakumbuka wema wake, tena kwa sauti kubwa kwenye hitma. Mimi nimechoka na utaratibu huo. Mwanaima ni mzima, ana miaka arobaini na miwili, na hivi ninavyoandika amekaa meza ya pili kutoka kwangu, anakula muhogo wa kuchoma na kunitazama kwa jicho la kuuliza fomu yangu iko wapi. Nataka nimshukuru akiwa anasikia.

Alizaliwa Mtama, kwenye familia ya wakulima wa korosho. Shule aliishia kidato cha nne. Kisha kwa miaka tisa alifanya kazi ghalani, kitengo cha kupima ubora. Gunia likifika anachota sampuli, anakaa kwenye benchi, anakata korosho moja moja na kutenga nzima, zenye madoa na zilizooza. Kazi hiyo haimpi mtu marafiki, maana hakuna mkulima anayefurahi kuonyeshwa uozo wa korosho zake mbele ya majirani. Wapo waliomwita mchawi. Yeye alikuwa anakata tu. Mumewe alipopata kazi Lindi mjini alihamia naye, na ndipo akaajiriwa ofisini kwetu kupokea wageni, kuandika barua na kuchemsha chai.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na tunatengeneza programu za kompyuta. Bosi ni Mzee Abdulwahab, Mmatumbi wa Kilwa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Mimi, Hussen Dadi, Mmwera wa Kilangala, alinifundisha hesabu sekondari, na baadaye nikamwoa binti wa mdogo wake. Kwa hiyo ni mwalimu wangu, bosi wangu na mkwe wangu, vyote kwa mpigo. Wa tatu ni Klementi, Mngoni wa Songea, fundi wa kila kitu. Mwanaima alikuwa wa nne, na kusema kweli hatukumhesabu.

Programu yetu kubwa inalinda friji za chanjo. Kila zahanati ina kipimajoto ndani ya friji, nacho kinatuma kiwango cha joto kwetu kwa intaneti ya simu. Joto likiwa kati ya nyuzi mbili na nane, zahanati hiyo inaonekana kijani kwenye kompyuta. Likipanda, inageuka nyekundu na simu ya muuguzi inalia. Programu ilikuwa inafanya kazi, lakini ilifanya kazi kwa jasho la Klementi. Ikikwama anapanda pikipiki, anafika, anagusagusa, inapona. Alifanya nini? Hajui mtu. Kesho yake hata yeye amesahau.

Mwaka juzi shirika linalotupa kazi hiyo likaleta barua. Lilitaka kila mtengenezaji wa programu apimwe ukomavu wa namna anavyofanya kazi. Ngazi ziko tano. Ngazi ya kwanza ndiyo yetu: kazi inakwenda kwa bahati na kwa Klementi. Ngazi ya pili, kazi inapangwa, inaandikwa, inakaguliwa, na mtu akiugua mwingine anaendelea. Tulipewa hadi mwisho wa mwezi wa sita tufike ngazi ya pili. Tukishindwa, kazi inahamia Dar es Salaam. Na kazi hiyo ikiondoka, ofisi yetu inafungwa, hilo wote wanne tulilijua bila kuambiwa.

"Ukomavu?" nikasema. "Nina mke na mtoto, nimekomaa tayari."

Tulicheka sana. Halafu mzee akauliza nani atasimamia jambo hilo, na kila mmoja akaikumbuka ghafla shughuli yake. Tukamtupia Mwanaima. Klementi alisema, "Si kazi ya makaratasi? Mpeni anayeandika barua."

Mwanaima akaichukua kwa mikono miwili. Alisoma mwongozo wa ngazi hizo ukurasa kwa ukurasa, na asipoelewa aliuliza, na akijibiwa ovyo aliuliza tena. Akatuletea fomu: ya mpango wa wiki, ya mabadiliko, na ile niliyoichukia kuliko zote, fomu ya mapitio. Kazi yoyote kabla ya kutumika lazima mwenzako aipitie na kuandika makosa aliyoyaona. Mzee alikuwa ananipitia mimi, mimi nampitia mzee, na Klementi tulimpitia siku tulizofanikiwa kumkamata ofisini.

Nilimsumbua dada wa watu. Nilimwambia fomu zake zinafaa kufungia karanga. Siku moja nilimrushia moja mezani nikamwambia aniache nifanye kazi. Aliiokota, akaikunjua, akasema, "Haya Hussen, nitakungoja." Na kweli alingoja, amesimama hapohapo, mpaka nikaijaza.

Mwezi wa nne, zikiwa zimefika fomu arobaini na moja, akatuita.

"Nimezisoma zote," alisema. "Kwenye nafasi ya makosa kumeandikwa 'Safi' mara thelathini na sita. 'Safi sana' mara nne. Na hii moja Klementi amechora samaki."

"Basi si vizuri?" Mzee Abdulwahab aliuliza. "Kazi safi."

"Mzee wangu, samahani sana. Ghalani ukiniletea sampuli arobaini na moja, zote hazina hata korosho moja mbovu, mimi sitasema zao ni zuri. Nitajua aliyepewa kisu hakukata."

Alikuwa amepatia. Ningemwandikiaje kosa mtu aliyenifundisha kujumlisha? Namwamkia shikamoo asubuhi, kisha saa nne nimwandikie kwa kalamu kwamba amekosea? Naye angemwandikiaje mkwewe jambo la aibu, karatasi ikakae kwenye jalada miaka yote? Tulikuwa tunaheshimiana mpaka programu inaoza. Mwanaima aliliona hilo, lakini hata yeye hakuwa na dawa.

Dawa aliipata msibani. Baba yangu mdogo alifariki Kilangala, ofisi nzima ikaja. Mwanaima aliingia jikoni na akina mama, Klementi akakaa na wanaume. Wali ulipoletwa ulikuwa na mchanga. Kila mtu aliusikia kwenye meno, na kila mtu alitafuna kimya, kwa sababu huwezi kuwaambia wafiwa kwamba wali wao una mchanga. Ila Wangoni ni watani wetu Wamwera tangu enzi za mababu, na mtani msibani hana mipaka. Klementi alisimama na sahani yake juu.

"Wamwera! Mmenipikia kiwanja cha mpira? Sasa naelewa marehemu alikufa kwa nini!"

Watu walicheka hadi machozi. Mjane mwenyewe alicheka, jambo ambalo hatukulitegemea siku ile. Na kule jikoni akina mama walianza upya kuchambua mchele uliobaki, bila mtu yeyote kununa. Mwanaima alikuwa kati yao, ungo mkononi. Baadaye aliniambia kwamba alishindwa kuchambua, akabaki anamtazama Klementi.

Jumatatu ratiba mpya ilikuwa ukutani. Klementi anampitia Hussen. Klementi anampitia Mzee Abdulwahab, kwa kuwa hata Wamatumbi na Wangoni ni watani. Hussen anampitia Klementi. Chini Mwanaima alikuwa ameandika kwa mkono: "Matusi ya utani ruksa. Kosa liandikwe."

Klementi alifurahi kama aliyepewa nyama bila mfupa. Siku ya kwanza alipata makosa saba kwenye kazi ya mzee, akamwambia kwamba Wamatumbi walitakiwa wabaki kwenye milima yao. Mzee alikohoa, akavua miwani, kisha akacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Akayarekebisha yote saba.

Halafu ikafika zamu yangu. Alichagua kipande nilichokiandika miezi miwili nyuma, kilichokuwa tayari kinatumika, kile kinachoamua friji ionekane kijani au nyekundu. Mzee alikipitia zamani na kuandika "Safi sana". Klementi alisoma, akarudia, akaanza kucheka.

"Hussen, mtandao ukikatika, friji inaonekana rangi gani?"

"Inabaki na kipimo cha mwisho."

"Kwa hiyo ikiwa kijani mtandao ukakatika, inabaki kijani. Siku ngapi?"

"Mpaka mtandao urudi."

"Wamwera ninyi! Friji imekufa, imeoza, nyie mnasema imelala, msiiamshe!"

Nilicheka naye. Wallahi nilicheka kwanza, na lau angeniambia mtu mwingine kwa namna nyingine ningegombana naye. Kicheko kilipoisha ndipo nikatazama kalenda. Tulikuwa katikati ya masika, na masika intaneti huku hukatika siku tatu, nne, hata kama simu za kawaida zinapita. Zahanati ngapi zilikuwa kijani cha uongo?

Mwanaima alikuwa ameshashika simu. Tuligawana orodha, tukapiga zahanati moja moja. Ya kumi na nne, ya kijiji kimoja cha bara, kwetu ilikuwa kijani inayong'aa, nyuzi tano. Muuguzi wake, Sauda, alienda kufungua friji huku simu ikiwa sikioni.

"Ina joto," alisema. "Jamani, ina joto! Kesho nina kliniki, watoto kumi na tisa!"

Chanjo zile zingepigwa kesho yake. Mama zao wangerudi nyumbani wameridhika, kadi zimejazwa, na watoto wakabaki bila kinga yoyote, bila mtu kujua, mpaka siku surua inapobisha hodi. Sauda aliahirisha kliniki, chanjo zikarudishwa wilayani, fundi akatumwa. Mimi nilirekebisha kosa langu saa ileile.

Sasa ikabaki fomu, na mkaguzi wa shirika, wa kutupima ngazi, alikuwa anakuja baada ya siku tisa.

"Kosa limesharekebishwa," Mzee Abdulwahab alisema taratibu, bila kunitazama. "Liandikwe mkaguzi akishaondoka. Akilikuta hili atatufelisha, na sote tutakwenda makwetu."

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilimwendea Mwanaima nikamwomba. Mimi niliyemrushia karatasi, nilimwomba kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwonyesha hata mama yangu.

"Dada, nisitiri."

Hakunikaripia. Aliweka fomu tupu mbele yangu. "Jina ni lako, siwezi kulijaza mimi. Ila nikuulize. Kuna watu wengine wanatengeneza programu kama hii, sijui wapi. Na wewe mwenyewe utatengeneza nyingine. Atakayekuja kukaa kwenye kiti chako atajuaje kwamba hapa pana shimo?"

Kisha akaenda kuchemsha chai, akaniacha. Nilikaa na ile karatasi mpaka adhuhuri. Nilimwazia yule muuguzi akifungua friji. Nikaandika kosa, tarehe, zahanati, idadi ya watoto, na jina langu kamili. Klementi akasaini chini yangu. Mzee alipoisoma akachukua fomu ya zamani, ile ya "Safi sana", akaandika pembeni kwa wino mwekundu wa mwalimu: "Sikusoma vizuri. Abdulwahab."

Mkaguzi aliitwa bibi Salome, mwanamke asiye na tabasamu la bure. Alikaa siku tatu. Zile fomu arobaini na moja alizipitia upesi upesi. Alipofika kwenye ile yangu alisita, akaisoma mara mbili, akasoma na wino mwekundu wa mzee. Akauliza nani aliyebuni ratiba ya watani. Mwanaima akaeleza, akijifutafuta mikono kwenye khanga. Bibi Salome alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuanzia fomu hii ndipo mmeanza kufanya kazi." Barua ya ngazi ya pili ilifika baada ya wiki mbili. Ofisi haikufungwa. Mimi bado ninalala nyumbani kwangu, na binti yangu anasoma shule ya mtaani kwetu, na kwa hayo yote Mwanaima Yassini ana sehemu yake. Alhamdulillah, na asante, dada.

Lakini si barua iliyonifanya niandike. Kabla haijafika, Sauda alipiga simu ofisini asubuhi moja. Friji ilikuwa imepona, chanjo mpya zimefika, na kliniki ilikuwa inaendelea.

"Subirini nyote," alisema, akaiweka simu karibu na benchi la akina mama.

Mwanaima akaongeza sauti, akaiweka simu katikati ya meza. Tukasikia mtoto akilia, kilio kikali cha sindano, kisha mwingine. Mzee aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, na nilipofika kumi na nane pakawa kimya, kimya kirefu.

Halafu yule wa kumi na tisa akaanza kulia.