Ngamia wa Watu

Ngamia wa shangazi yangu alikufa katika ukame, na kila mwaka naletewa barua pepe ya kuniarifu kwamba yu hai. Barua haisemi hivyo waziwazi. Inasema sampuli namba fulani, jike, Garissa, seli zake zinaendelea kukua vizuri, asante kwa ushirikiano wako. Mara nyingi naisoma ofisini, mchana kweupe, watu wakinywa chai pembeni yangu.

Mimi ni fundi wa afya ya mifugo. Miaka ile niliajiriwa na mradi wa utafiti uliokuwa ukikusanya vipande vya ngozi ya ngamia. Walikata kidogo sana, kwenye ncha ya sikio, wakapeleka maabara Nairobi, na huko seli zikalishwa zikaongezeka, kisha baadhi zikahifadhiwa kwenye mitungi yenye baridi kupita barafu yoyote, nyingine zikaendelea kulishwa. Walitaka kujua ngamia wa kwetu anavumiliaje kiu. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wafugaji fomu ya ridhaa, wakiridhia waweke dole gumba, nami nishuhudie.

Mtu wa kwanza niliyempelekea fomu alikuwa shangazi, dada ya baba, aliyenilea. Nilimwita eddo, naye kwa desturi yetu alinijibu kwa neno hilohilo, kwa hiyo tuliitana eddo maisha yetu yote. Alikuwa mjane. Mifugo yake ilikwisha katika ukame wa nyuma zaidi, na jamaa mmoja wa ukoo wetu huko Tarbaj akamwazima ngamia mwenye maziwa. Ndivyo tunavyookoana. Unapewa jike unamkamua, unakunywa, unauza, unakaa na hadhi yako. Lakini ngamia habadiliki kuwa wako. Akizaa, ndama ni wa mwenyewe. Akifa, unamtumia mwenyewe kipande cha ngozi chenye chapa yake ili aone kwa macho kwamba hukumuuza. Ni amana, na amana kwa eddo ilikuwa kitu cha kukosesha usingizi.

Kuna jambo jingine la desturi, na hapo ndipo nilipoharibu. Aliyeazimwa hatangazi mbele ya wageni kwamba ameazimwa. Ni kumwaibisha mtoaji, kana kwamba alitoa ili asifiwe. Kwa hiyo daktari wa mradi, kijana mpole wa Nairobi, alipomuuliza kwa Kiswahili, "Mama, huyu ngamia ni wako?" eddo hakusita.

"Yangu," alisema. "Mimi nakamua, mimi nabeleka malisho. Ya nani ingine?"

Daktari akanitazama. Mimi nilijua. Nilijua chapa iliyo shingoni si ya nyumba yetu. Nikaandika jina la eddo mahali palipoandikwa "mwenye mnyama", nikamshika kidole, nikakibonyeza kwenye wino. Nilijiambia ni sikio tu, tena kipande kisichofika ukucha. Na nilitaka daktari aone jinsi ninavyofanya kazi haraka. Niseme ukweli, hilo la pili ndilo lililonisukuma.

Tena fomu ile haikuandikwa na wahuni. Kamati ya maadili ilikuwa imeipitia mstari kwa mstari. Ilitaka kujua kama ngamia ataumia, dawa ya ganzi ni ipi, kidonda kitaoshwa na nani, damu ikizidi itakuwaje. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kwamba kuna watu wazima, wamevaa tai, wanaohangaikia sikio la ngamia wetu. Ila hakuna aliyefikiria kwamba anayekamua na mwenye mali wanaweza kuwa watu wawili, na wa pili yuko Tarbaj hana habari.

Ukame ukaja. Ngamia akalala chini upande mmoja, akakataa kuinuka, na siku ya tatu akafa. Eddo alikata ngozi yenye chapa kwa mkono wake, akaikausha, akaipeleka na lori la mifugo. Jamaa wa Tarbaj akatuma jibu: imefika, nimeiona, Mungu atupe subira. Eddo alilia, kisha akatulia. Alikuwa amerudisha amana.

Basi mimi, kwa mdomo wangu, nikamvuruga. Nilikwenda kumsalimia, figo zimeanza kumsumbua, na nikitaka kumchangamsha nikamwambia, "Eddo, yule ngamia hajaisha. Seli zake ziko hai maabara. Zinakua."

Aligeuka akanitazama.

"Zinakua vipi?"

"Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne."

"Basi zinazaa," alisema. "Na kinachozaliwa ni cha mwenyewe. Mimi nilimpelekea ngozi nikamwambia amekufa! Eddo, umenifanya niwe mwongo."

Tangu siku hiyo hakuzungumza kitu kingine. Nikimpelekea uji, ananiuliza kama ngamia anasikia baridi. Mara moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilipomuuliza anasikiliza nini, aliniashiria ninyamaze. Nami nikajikuta nasikiliza. Nje hapakuwa na mnyama hata mmoja.

Nilipiga simu ofisi ya mradi. Mratibu alinijibu kwa adabu kabisa. Sheria na fomu vyote viko wazi, alisema, mwenye mnyama ana haki ya kujiondoa wakati wowote, na seli zitaharibiwa. Anachotakiwa ni kusaini tu, na wakanitumia karatasi. Nikaichapisha, nikampelekea eddo na kidau cha wino.

Aliuficha mkono wake ndani ya shuka. "Hapa wamesema nani asaini?"

"Mwenye mnyama."

"Unataka niseme yangu mara ya pili? Ya kwanza ilikuwa heshima. Hii itakuwa wizi. Hata kuziua si ruhusa yangu. Mpigie mwenyewe aseme."

Sikumpigia. Kumpigia kulikuwa kukiri kwamba niliandika jina lisilo la mwenye mali kwenye fomu nzito kama ile, na niliogopa kupoteza kazi. Siku zilipita. Eddo alikuwa akipungua, na kila nikiingia swali ni lilelile. Mwishowe nilimwinamia nikamwambia, "Eddo, nimeongea naye. Amesema zichomwe. Zimechomwa."

"Wallahi?"

"Wallahi," nilisema.

Akasema alhamdulillahi, uso wake ukalegea, nikamwona tena yule mwanamke aliyenilea. Alifariki baada ya siku mbili. Watu waliokuja kuhani walisema amekufa mwepesi. Nilikuwa nawapa maji ya kunawa mikono na natamani ardhi inimeze.

Barua pepe ya mwaka ule ilifika kama kawaida. Seli zinaendelea kukua vizuri. Niliishi na hiyo, na iliyofuata. Ilipofika ya tatu nilipanda gari kwenda Tarbaj nikiwa na ile karatasi ya kujiondoa. Nilimkuta yule jamaa, mzee sasa, kisimani, ananywesha ngamia, nikangoja amalize. Kisha nikamweleza yote, fomu, sikio, kiapo. Nikamwita kwa heshima kama ndugu wa baba, "Adeer, ni wewe tu unayeweza kusaini. Ukisaini zitaharibiwa, na marehemu atakuwa huru."

Alinisikiliza akitazama wanyama wake.

"Marehemu yuko huru tangu siku niliyopokea ngozi," alisema. "Alitoa alichokijua. Haya, nieleze. Huko zinaumwa?"

"Hapana."

"Zina kiu?"

"Hapana, adeer."

"Na unataka mimi niweke mkono zife. Ngamia wangu alikufa kwa kiu nami sikuwapo. Sasa hayuko na kiu, ndiyo nimuue?" Akanirudishia karatasi. "Sisaini. Na wewe usiniombe nimsamehe eddo wako. Jiombee mwenyewe."

Nikaomba. Aliniambia kwamba ngamia yule sasa nimeazimwa mimi. Hana maziwa ya kunipa, hilo ni bahati yangu mbaya, lakini akizaa ndama au kitu chochote watakachokiita jina lolote, nimletee habari. Na nikifa, nisife naye kimya.

Nilirudi Garissa nikakaa mezani kuandika wasia, kama dini inavyotutaka tuyaandike madeni na amana tulizonazo. Nyumba ilichukua mistari miwili. Kisha nikaandika: *Ngamia mmoja, jike, si wangu. Ni wa mzee wa Tarbaj na watoto wake. Yuko hai, Nairobi, ndani ya mtungi. Arudishwe.* Binti yangu mkubwa aliusoma, akaniuliza atamrudisha vipi. Nilimwambia sijui, kisha nikamwomba asaini kama shahidi.