Ndege Asiye na Kichwa

Fundi saa wa pale kona walimwita Jicho Moja, wala si kwa ubaya. Kioo chake cha kukuzia kilibanwa kwenye jicho la kulia kutwa nzima, na alisahau kukitoa hata akienda kununua chumvi.

Chenji ukimpa haiingii mfukoni mpaka aigeuzegeuze. "Sarafu hugongwa kwa chuma chenye picha," angekueleza, utake usitake. "Chuma nacho huzeeka kama wewe, shemeji. Kikipasuka, ule ufa unatokea kwenye sarafu, mstari umeinuka." Alikuwa na kopo la sarafu zenye picha ya ndege, zote zimegongwa kwa chuma kimoja: hii ufa kama unywele shingoni, ile umefika jichoni, nyingine umevuka mdomo. Alikosa ya mwisho tu: chuma kimemeguka, na pa kichwa pametoka kinundu kitupu.

Mkewe, fundi cherehani, hapiti karibu na kopo bila kuuliza, "Mke mwenzangu hajambo?"

Kisha jicho lile lile la kulia likaingiwa na mtoto wa jicho. La kushoto halikuwahi kuwa la kazi. Daktari akasema atapasua, ila hakuahidi kitu. Fundi aliogopa kuliko alivyoonyesha. Asipoona, saa basi, na ndege basi.

Alirudi nyumbani na bandeji, akakalishwa dirishani apate hewa. Upepo ukaja, pazia likapaa, pindo likamgonga paji la uso. Ko!

"Mama watoto, pazia lako lina mawe?"

"Lina sarafu, zinalivuta litulie. Wewe unajua nini cha nyumba hii?"

Akalishika pindo alisukume kule, kidole gumba kikagoma. Akapapasa juu ya kitambaa. Mkia upo. Bawa lipo. Shingo, halafu kinundu, laini, hakina kitu.

"Leta mkasi."

"Kwa pindo langu? Thubutu!"

"Mke wangu, hii uliitoa wapi?"

"Muuza mboga aliikataa, eti mbovu. Nikaona nisiitupe, nikaipa kazi. Ina miaka humo."

Na miaka yote hiyo bwana mkubwa alikuwa akilivuta pazia hilo hilo kila asubuhi, apate mwanga wa kukagulia chenji! Alicheka mpaka akakatazwa, maana jicho lilikuwa bado bichi. Pindo likafumuliwa, kwa manung'uniko.

Siku ya kufunguliwa bandeji mkewe alikaa mbele yake, sarafu ameishika kando ya shavu. Ukungu. Ukungu tena. Kisha rangi ya kitambaa cha kichwani, kisha ile pua aliyoioa.

"Unaona nini?" mkewe akauliza.

"Namwona mke mkubwa. Mdogo asubiri."

Alipigwa kofi la bega, mpigaji huku analia.

Siku hizi pembe ya pazia imeshonewa mfuniko wa saa mbovu badala ya ile sarafu. Fundi akilifungua asubuhi husema, "Asante." Mkewe huitikia kutoka jikoni, "Haya," kana kwamba ameambiwa yeye. Na kweli ameambiwa yeye.