Kauli Iliyokatwa kwenye Muhtasari

Karakana yetu ya kushona maturubai ya malori, pale Kurasini, ilitumia benki moja tangu nilipofungua akaunti huko mimi mwenyewe, nikiwa bado mwalimu. Kwa hiyo binti yangu, anayeongoza karakana sasa, aliponiomba wakati wa chakula tuhamie benki nyingine, nilimwambia hoja kama hiyo huletwa kikaoni.

Kwetu kikao ni kikao. Hufanyika sebuleni, Chamazi, Jumapili baada ya ibada. Mimi ni mwenyekiti, mke wangu huandika muhtasari, na tangu mwanzo niliweka kanuni kwamba habari ya kusikia haiandikwi. Anayeleta habari aseme aliiona wapi na lini.

Binti yangu alisimama na karatasi zake. Tawi letu la karibu lilikuwa limefungwa, na malipo ya wateja wa yadi za makontena yalichelewa kutufikia. Mara mbili majora ya kitambaa tuliyoyaagiza yaliuzwa kwa wengine tukiwa tunasubiri fedha.

"Muuzaji amesema mara ya tatu hatatuwekea tena," alisema. "Tukikosa majora, mafundi wanarudi nyumbani. Benki ninayoipendekeza ni mwendo wa miguu kutoka karakana. Nimekaa ndani ya tawi lao asubuhi tatu za mwisho wa mwezi. Muda niliosubiri kila siku nimeuandika hapa."

Kaka yake akacheka. "Mie nimesikia hao jamaa wanayumba."

"Umesikia kwa nani?" mama yake akauliza, kalamu ikiwa juu.

"Kijiweni."

"Basi kawaandikie muhtasari huko huko kijiweni."

Ndipo nami nikasema. Nilieleza, kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani, kwamba benki hiyo aliyoipendekeza humzungusha mteja majuma kadhaa anapotaka kuchukua fedha zake na kuondoka. Mke wangu alikwisha kuanza kuandika.

"Samahani, Mwenyekiti," binti yangu akasema. "Hilo umeliona mwenyewe au umeambiwa?"

Katika sebule ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikasirika, sikatai. Lakini habari ile nilipewa na mwalimu mstaafu mwenzangu, naye alipewa na shemeji yake.

"Nimeambiwa," nikasema.

"Basi naomba lisiandikwe."

"Nusu limeshaandikwa," mke wangu akasema. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya maneno yangu, akanisogezea daftari. "Weka sahihi pembeni, kama ulivyotufundisha."

Niliweka. Hasira ilinitoka kalamu ikiwa bado mkononi. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi, na katika wote niliowafundisha, aliyenisimamisha kwa kanuni yangu mwenyewe, bila kunivunjia heshima, nimemzaa mimi. Nilijiona mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Hoja ikapita bila mpinzani. Hata kaka yake alinyoosha mkono, ingawa kwa kunung'unika.

Benki mpya ilitaka kuuona muhtasari huo. Ofisa, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akanigeuzia fomu.

"Mzee, wewe ndiye mwamuzi wa akaunti hii?"

"Mwulize huyu," nikasema, nikimwonyesha binti yangu. "Mimi ni mwenyekiti tu."

Alisoma ukurasa hadi kwenye mstari uliokatwa. "Na hapa palikuwa na nini?"

Binti yangu alifungua mdomo, nadhani ili anisitiri. Nikamtangulia. "Ni kauli ya mwenyekiti. Haikuwa na ushahidi."

Ofisa aliniangalia, akamwangalia binti yangu, kisha akagonga muhuri.

Agizo lililofuata lililipwa asubuhi ile ile tuliyoitwa na muuzaji. Nilikuwapo karakana majora yalipoteremshwa. Binti yangu alikuwa amekwisha kuwapangia mafundi vipimo, na kabla ya adhuhuri walikuwa wanakata.