Mgeni Aliyelala Kitandani kwa Mama

Juzi sokoni Bwera, huku mpakani, niliona watu wakimkimbia mwanamke mmoja kutoka Kongo kwa sababu tu alikohoa. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mwanamke kama yeye alipofika kwetu akitetemeka kwa homa.

Mama alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Nyumba nzima ilinuka jasho na majani ya mkaratusi yaliyochemshwa. Mzee wa kanisa akaja, akasimama mbali uani.

"Mama Biira, toa huyo mutu. Atatuletea ugonjwa. Ukikataa, Jumapili usikuje kanisani."

Mama alifuta mikono yake taratibu. "Nitakuja, na nitakuja na yeye. Huyu iko mutoto wa Mungu sawa na wewe."

Nililia. Nilidhani Mungu aliishi mle kanisani, na kwamba mama alikuwa amefukuzwa nyumbani kwa Mungu. Sasa najua ilikuwa malaria tu, lakini siku ile mama hakujua.

Jumapili alimfunga mgeni kitambaa kichwani, akamshika mkono, wakaenda kukaa benchi la mbele. Waliokuwapo wakahama wote. Nikaenda kukaa katikati ya mama na mgeni.