Tamthilia Aliyochaguliwa Wifi

Baridi ikiingia na hujui utazame nini, mtaani kule ulikuwa huhangaiki. Ulielekezwa kwa Mama Msimu. Kibanda chake kilibanwa kati ya fundi baiskeli na duka la nafaka, upana wake kitanda kimoja, na ndani mlikuwa na kompyuta iliyong'oka herufi mbili, kiti chenye mto aliouremba mwenyewe kwa uzi, na ukuta wa misumari ulioning'inizwa flashi za tamthilia, kila moja na kikaratasi chake. Jina walimpa wateja, maana ulipotia mguu tu mlangoni, hata salamu haijesha, alikuwa ameshakuuliza, "Enhe, umefika msimu wa ngapi?"

Kazi ile aliianza marehemu mumewe, zamani za kanda. Kanda zikaja zikafa, zikaja sidii nazo zikafa, na mume mwenyewe akatangulia mbele za haki. Kibanda kikabaki. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, Mama Msimu alishika mlango kwa mikono miwili akasema neno na Mola wake, neno fupi tu, kwamba leo nisimpe mtu kitu cha kumwumiza. Wapo waliomcheka, kuombea tamthilia. Yeye hakuona cha kucheka. Mtu akijifungia na hadithi wiki nzima, hadithi ile huwa mgeni wa nyumbani, na mgeni mbaya akishavua viatu kumtoa ni kazi.

Ndiyo maana hakukupa tu ukaenda. Alikuhoji kama mkunga. Unatazama na nani? Watoto wanalala saa ngapi? Nyumbani kuna mgonjwa? Hujafiwa karibuni? Wauguzi aliwapa vichekesho vifupi, kwa kuwa mtu aliyeshinda amesimama kwa miguu miwili hana nguvu za kubeba majonzi ya watu wengine. Waliooana karibuni hakuwapa kamwe hadithi ya mashemeji. Na fundi baiskeli, jirani yake, dume zima lenye grisi mpaka kwenye nyusi, alikuwa mpenzi wa hadithi za kulia, ila akija kuchukua husema ni za mke wake.

"Mkeo amelia amefika wapi?" Mama Msimu humwuliza.

"Amefika pale baba anauza ng'ombe," fundi hujibu, na macho mekundu ni yake.

Miezi ya baridi ndiyo ilikuwa mavuno yake. Watu walifunga milango mapema, wakajikunyata chumba kimoja, wakataka kitu kirefu. "Ya baridi iwe ndefu," alizoea kuwaambia, "ifunike mpaka vidole vya miguu."

Lakini mwaka huo baridi ilimkuta na lake moyoni. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma, mfupa ukaunga, picha zikaonyesha umeunga vizuri. Ila wifi alikataa kusimama. Alisema ameshaisikia sakafu mara moja na hana hamu ya kuisikia tena. Daktari wa viungo, mwanamke mpole wa sauti ndogo, alikuja nyumbani akaliweka jambo wazi: misuli inakauka, na baridi hii ikipita mama hajatembea, wasitegemee kuwa atatembea tena. Akamwachia fremu ya chuma ya kutembelea. Wifi akaifanya ya kuanikia mitandio.

Ukitaka kujua kwa nini Mama Msimu hakupata usingizi kwa habari hiyo, lazima ujue wifi alikuwa nani kwake. Alipofiwa, msiba haujapoa, ndugu wa mume walikuja na utepe kupima kibanda, eti wakipangishe. Yeye alikuwa ndani, analia. Wifi ndiye aliyesimama mlangoni. Alikuwa na ulimi, yule mama, ulimi wa kukata mti. Akawaambia, "Aliyekufa ni mdogo wangu. Mke wake hajafa. Anayetaka kibanda aanze kunipima mimi kwanza, aone kama nitaenea kwenye huo utepe." Utepe ukakunjwa. Tangu siku ile Mama Msimu alikula kwa kibanda kile, akasomesha, akazika wazazi wake kwa heshima, na kila alipoinama kuomba jina la wifi lilikuja kabla ya lake mwenyewe. Wema kama ule hakujua unarudishwaje. Hakuwa na elimu ya mifupa. Alichokijua ni kimoja tu, kumchagulia mtu hadithi.

Basi akachagua. Siku tatu alipekua, anatazama huku anahudumia wateja, anaacha hii, anashika ile. Hii ina hospitali, hapana. Hii bibi anaanguka ngazi, Mungu apishe mbali. Mwisho akaipata, "Tanuri Mbili", hadithi ya mawifi wawili waoka mikate, tanuri zao zinatazamana barabara moja na wao hawajasalimiana miaka thelathini. Sehemu arobaini na nne, na sauti zimetiwa Kiswahili safi. Akaijaza kwenye flashi, akaenda nayo jioni.

Alikuwa amepatana na binti wa wifi, aliyefanya kazi kwa dobi, kwamba televisheni isitoke sebuleni. Kutoka kitandani hadi sebuleni hatua kumi na nne. Mama akisikia muziki, akisikia mawifi wanarushiana maneno, atashindwa kujizuia, atashika fremu.

Wifi aliwasikiliza wakijifanya wanatazama, mlango wa chumba ukiwa wazi. Kisha akaita, "Nyie wawili. Mnanitega kama panya?"

"Njoo tu, wifi, hapa kuna moto, tunaota," Mama Msimu akamjibu.

"Huo moto ulete huku. Na hiyo televisheni iuandame. Vinginevyo tazameni wenyewe, tena punguzeni sauti, mimi mgonjwa."

Siku ya pili Mama Msimu alipopita, televisheni ilikuwa imeshahamia juu ya kabati, miguuni pa kitanda. Binti aliinamisha kichwa. "Alinililia, mkaza mjomba. Mama yangu kunililia mimi, ningefanyaje?"

Hakumlaumu. Lakini alirudi kwake na miguu mizito. Alichokusudia kiwe fimbo ya kusimamia kimekuwa mto wa kulalia. Sasa mgonjwa amepata hadithi tamu ya sehemu arobaini na nne, kitandani, na blanketi mbili, na baridi inahesabu siku zake. "Mola wangu," alisema jioni ile, "nilitaka kumsimamisha, nimemgandamiza. Nitengenezee, mimi sijui nianzie wapi."

Zikapita siku nne. Kibanda kilijaa, hakupata nafasi ya kwenda.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, ukungu haujanyanyuka vizuri, alikuwa anamhoji mteja mmoja kuhusu mama mkwe wake wakati aliposikia chuma kinagonga lami. Ko. Kimya. Ko. Fundi baiskeli aliinua kichwa, na pampu ikamtoka mkononi. Watu kwenye foleni wakaanza kupisha bila kuambiwa.

Alikuwa wifi. Sweta mbili, blanketi mabegani, mguu mmoja kandambili na mwingine soksi, na mbele yake fremu ya chuma, mtandio mmoja bado unaning'inia.

"Mama Msimu."

"Abee, wifi."

"Nina swali moja. Yule mzee wa waoka mikate, amekufa au hajafa?"

"Amekufa," Mama Msimu alisema polepole. "Sehemu ya kumi na saba."

"Ahsante. Maana nimemzika mimi. Nimelia mpaka foronya imebadilishwa. Leo asubuhi nimefungua macho, namkuta anakanda unga, mzima kama wewe. Na yule msichana, jana ana watoto wawili, leo anaulizwa kama ana mchumba. Nikasema labda ndoto. Nikarudisha nyuma. Si ndoto. Simu haina salio, binti yuko kwa dobi, wewe umejichimbia huku. Nimuulize nani, kabati? Umenipa hadithi ya wendawazimu, wifi yangu, na mimi mgonjwa."

Hapo ndipo Mama Msimu alipoelewa alichokifanya, na uso ukapata moto. Katika kazi ile kuna jambo dogo ambalo hakuwahi kulikosea tangu kanda zife. Televisheni haihesabu kama binadamu. Ikisoma flashi ikaona namba moja, haiendi mbili. Inaenda kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tisa, kwa kuwa zote zimeanza na moja, ndipo inarudi mbili. Kwa hiyo lazima uzitie sifuri mbele, sifuri moja, sifuri mbili, ndiyo zipange mstari. Wateja wote aliwatilia sifuri. Siku ya kujaza flashi ya wifi, foleni imefika barabarani na kichwani yanazunguka maneno ya daktari, alisahau. Mtu aliyempenda kuliko wateja wote ndiye aliyempa hadithi iliyovurugika.

Alitaka kuomba radhi. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kandambili na ile soksi, yanagoma kupanda. Aliona kama akiitaja miguu ile, miguu itasikia.

Fundi baiskeli akasogeza kigoda chake. "Keti, mama."

"Nimekuja kusema, sikuja kuketi. Na nyie wote mnatazama nini huko chini? Hamjaona soksi?"

Ndipo naye akatazama. Akatazama soksi, akatazama fremu, kisha akageuza kichwa taratibu kule alikotoka, kwenye mteremko, maduka matano, kona ya mtambo wa kusaga, na mbali kule bati la nyumba yake.

"Nani kanileta?" aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya ulimi wake wa siku zote.

"Hasira, mama," alisema fundi baiskeli.

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, kisha wote, na wifi mwenyewe akacheka, na kicheko kikamkalisha. Kigoda kilikuwepo na mikono ilikuwepo. Mama Msimu alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi la mlangoni, akamvalisha kandambili yake mwenyewe mguu uliobaki na soksi, na alipoinua uso ulikuwa umelowa. "Nisamehe, wifi. Ni kosa langu. Sikuzipanga."

"Nikusamehe nini?" wifi alimjibu. "Nyamaza kwanza, nipumue. Halafu unieleze yule mzee alikufaje."

Habari ilitembea kasi kuliko wifi mwenyewe. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unasema Mama Msimu ana akili ya ajabu, kamchanganyia wifi yake hadithi kwa makusudi ili ainuke kitandani. Kesho yake hata daktari wa viungo alipita kibandani na kuuliza, kwa heshima kabisa, mbinu ile aliitoa wapi, ana wagonjwa wengine watatu wa namna hiyo.

Ingekuwa rahisi kutabasamu na kunyamaza, sifa ikajiendea. Mama Msimu alifuta kompyuta kwa kitambaa, akasema, "Hapana, dada yangu. Nilisahau. Mimi ningekuwa na akili hiyo ningemnyanyua mwanzo wa baridi. Niliomba nitengenezewe, na nilikuwa nimeshatengenezewa kabla sijaomba, mimi nikidhani nimeharibu. Ukitaka kushukuru, mshukuru Mola mwenyewe."

"Basi wangu watatu nao wapangie vibaya," daktari alisema. "Mwenyewe ataona la kufanya."

Flashi aliipanga upya siku ile ile, sifuri zote mahali pake, akamwambia wifi atamletea nyumbani baada ya kufunga.

"Ya nini kujisumbua?" wifi akasema. "Iache msumarini. Nitaifuata. Tena usinipe zote, nipe mbili mbili. Ukinipa zote nitalala."

Akaja. Siku ya kwanza na binti, siku ya pili na binti kwa mbali, wiki ya tatu peke yake na fremu, na baridi ilipoanza kulegea akaja na mkongojo tu, fremu imerudi hospitali kwa mwingine. Akifika hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliketi mlangoni, akawasikiliza wateja wakihojiwa, na kila alipoona mtu anapewa kitu alichokwisha kukitazama, alimvuta mkono.

"Hiyo nzuri, mwanangu. Chukua. Ila yule kaka mkubwa usimwamini, ndiye aliyechoma ghala. Utamjua sehemu ya ishirini."

Mteja hugeuka na kumtazama Mama Msimu kama aliyemwagiwa maji. Msimu ule wifi aliwaharibia watu tamthilia saba, kwa upendo kabisa, na wawili walirudisha flashi bila kutazama. Fundi baiskeli alimsihi jirani yake amwambie mama apunguze, angalau zile za mke wake aziache.

Mama Msimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachungulia mlangoni, akamwona wifi amesimama, kwa miguu yake miwili, anamfafanulia muuguzi jinsi harusi itakavyovunjika, mkongojo ameusahau ukutani.

"Mwache aseme," alisema, na akarudi kwenye kompyuta yake.