Mikono ya Deodatha Kwenye Obwato

Ukimtafuta Deodatha asubuhi, usiende nyumbani kwake. Nenda kiwandani kwa Mzee Dastan, hapa hapa Songambele, kwenye jengo refu la bati linalonuka ndizi mbivu. Pale wanatengeneza juisi ya ndizi, wanaichemsha na kuitia kwenye chupa. Deodatha aliingia pale kuosha chupa baada ya kumzika mumewe. Kabla ya hapo alilima mashamba ya watu, jioni ndipo analima lake, na mgongo ulikuwa unamuuma hata kanisani. Kazi ya kiwandani ilimwondoa juani na ikamrudisha binti yake Nabasa shuleni. Ndiyo maana aliipenda, na hakuficha kuipenda.

Lakini kukamua ndizi haikuwa kazi yetu wanawake. Kwetu mwanamke anamenya ndizi, anakata majani, anateka maji, ila mikono yake haiingii kwenye obwato, ule mtumbwi wa mti ambao ndizi hukandwa humo pamoja na majani ya nyasi mpaka zitoe juisi. Wazee walisema akiingiza mikono, juisi haitoki. Kiwandani obwato ni beseni refu la chuma kisichoshika kutu, lakini desturi ilihamia humo bila mtu kuulizwa. Na wanaume wetu wenye vibanja vyao vya migomba wanaona aibu kumkamulia mtu mwingine kwa mshahara. Kwa hiyo Mzee Dastan alitegemea Warundi watatu. Mkubwa wao aliitwa Niyomugabo, mtu mrefu, mcheshi, anayeimba nyimbo za Bwana akiwa anakanda.

Krismasi ya mwaka 2024 walikwenda kwao, tukaagana nao vizuri. Januari ikaisha hawajarudi, Mzee Dastan anakamua mwenyewe kidogo kidogo. Vita ya Kongo ilikuwa imewaka, tunaisikia redioni. Mwezi wa pili ikashuka mpaka Bukavu, na sisi tukasema Mungu awasaidie, tukidhani ni mambo ya mbali. Ndipo Niyomugabo akapiga simu. Mzee Dastan akafungua sauti wote tusikie.

"Bosi, sitaweza kuja," alisema. "Mke wangu ni mtu wa ng'ambo ya mto. Ndugu zake wote wamefukuzwa na vita, wamevuka Rusizi, wako kwangu. Wengine wanalala jikoni. Nikiondoka, nani atawatafutia chakula? Na wenzangu hali ni hiyo hiyo."

Mzee Dastan alimpa pole, akakata simu, akatazama chupa tulizokwisha kuosha.

"Mmesikia," alisema. "Ndizi zinazoiva shimoni nitawapa watu wa rubisi wafanyie pombe. Jumamosi nafunga. Mimi mwenyewe mgongo wangu mnaujua."

Benadeta, aliyekuwa anabandika karatasi kwenye chupa, akaanza kulia taratibu. Deodatha ndiye aliyesema.

"Mzee, tujaribu sisi."

"Nyie wanawake?"

"Warundi hawapo, na wanaume wetu wanaona haya. Umebaki na nani?"

Mzee Dastan alikuna kichwa. Akasema mpaka Jumamosi hakatazi mtu kujaribu.

Jioni ile shemeji yake Deodatha, Rweyemamu, alikuja mpaka mlangoni kwake na fimbo mkononi. Huyu ni kaka wa marehemu mumewe, na kwa kukamua rubisi anasifiwa kijiji kizima.

"Shikamoo, shemeji," Deodatha akamwamkia.

"Marahaba. Nimesikia unataka kutuharibia obwato."

"Ile si rubisi, shemeji. Ni juisi, hata watoto wa Sunday school wanakunywa."

"Obwato ni obwato."

"Basi njoo wewe ukakamue. Kazi ipo."

"Mimi?" Rweyemamu akajishika kifua. "Nikawe kibarua wa Dastan, na kibanja changu hiki?"

"Sasa wewe hutaki, na mimi hunitaki. Ndizi zijikamue zenyewe?"

Rweyemamu akaondoka akinung'unika. Deodatha alipiga magoti akaomba, kisha akalala.

Kesho yake alinawa mikono mpaka viwikoni, yeye na Benadeta, wakamimina ndizi kwenye obwato, wakaweka majani. Halafu wakafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya, maana jikoni hatuanzi chochote bila maji: wakamimina ndoo ya maji juu ya ndizi. Wakakanda, wakakanda. Majani yale ni makali, yakawachana viganja. Juisi haikutoka. Ilitoka kitu kama uji wa mgonjwa, kizito, kimeng'ang'ania majani. Walipojaribu kuchuja, kitambaa kiliziba.

Habari ikafika kijijini kabla hawajanawa. Rweyemamu hakusema mengi. Alipita barabarani akauliza kama kuna anayetaka uji.

Benadeta aliogopa kweli. "Mama Nabasa, tuache," alimwambia. "Labda wazee walijua. Tusije tukapatwa na jambo."

"Mungu aliyeumba ndizi ndiye aliyeumba mikono hii," Deodatha alisema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Alitazama ule uji, akafikiria jembe, na mashamba ya watu. Kisha akaazima simu ya Mzee Dastan, akaenda kusimama nyuma ya jengo ambako mtandao unapatikana.

Nilimfuata, kwa hiyo nilisikia. Kwa Niyomugabo kulikuwa na kelele za watoto wengi. Deodatha alimuuliza kwanza habari za wageni wake. Akaambiwa mama mkwe amefika salama, ila shemeji mmoja, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha sabuni huko Bukavu, bado anatafutwa. Kiwanda chenyewe kimefungwa. Deodatha akasema tutamwombea. Ndipo akaeleza habari ya uji.

Niyomugabo akacheka.

"Mama, uliweka maji?"

"Niliweka. Ningekanda bila maji?"

"Ndiyo. Ndizi inataka kukandwa kavu, na majani tu. Itakuwa ngumu, itashika mikono, utasema haitoki. Wewe endelea. Ukiona povu, ujue imekubali, juisi itaachana na majani yenyewe. Hapo ndipo unaweka maji, kidogo."

"Kumbe."

"Mama Nabasa," Niyomugabo akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Ukijua kazi hii, mimi nikirudi nitafanya nini?"

Deodatha alitazama viganja vyake vilivyochanika. "Nisaidie sasa," alisema. "Nawe Mungu akinipa nafasi, sitakusahau."

Ijumaa walikanda kavu. Ilikuwa kama alivyosema, nzito, inashika, jasho linawatiririka. Benadeta alisema haitoki. Deodatha akasema, endelea. Mara likatokea povu, kwanza pembeni, kisha kote, na juisi ikaanza kuchuruzika chini, safi, ya rangi ya asali. Hatukupiga vigelegele. Tulishika vyombo tukaanza kuchuja, kila mtu akimwogopa mwenzake asije akaharibu.

Rweyemamu alikuja kuona. Akaomba kikombe, akanywa, akalamba mdomo.

"Ina maji mengi," alisema.

"Ongeza kikombe, shemeji, uhakikishe."

Akaongeza. Akahakikisha mara ya tatu.

Jumamosi kiwanda hakikufungwa. Mzee Dastan akamwita Deodatha, akamwambia kuanzia sasa yeye ndiye mkubwa wa kukamua, kwa mshahara ule ule wa Niyomugabo.

"Na Niyomugabo akirudi?" Deodatha aliuliza.

"Akirudi atakuta kazi ina wenyewe. Biashara ndivyo ilivyo."

"Mzee, kazi hii kanifundisha yeye, nyumba yake ikiwa imejaa wakimbizi. Nikimfungia mlango, Jumapili nitaomba nini?" Kisha akasema lile alilokuwa amelifikiria usiku kucha. "Wanunuzi wako unawarudisha kila wiki kwa kukosa juisi. Ndizi zipo. Chonga obwato wa pili."

Mzee Dastan alilalamika juu ya bei ya chuma, akalalamika juu ya mafundi. Lakini kabla ya Pasaka obwato wa pili uliletwa kutoka mjini Kayanga juu ya pikapu, umefunikwa turubai. Eustadia, aliyekuwa mwosha chupa mwenzetu, akafundishwa kukamua, na wasichana wawili wakachukuliwa kuosha chupa.

Vita haijaisha. Wale Warundi wengine wawili hawajarudi, na kila ibada tunawataja. Niyomugabo alikuja kiangazi, amekonda, na nyuma yake yule fundi wa kiwanda cha sabuni, hai, ana begi dogo. Niyomugabo alisimama mlangoni. Deodatha, Benadeta na Eustadia walikuwa kwenye obwato wake wa zamani, mikono imezama, wanaimba. Akavua kofia, hakujua aingie au arudi.

Deodatha alimwonyesha ule wa pili kwa kidevu, maana mikono yake ilikuwa imejaa povu.

"Ule ni wako," alimwambia. "Nawa mikono, ndizi zimeshamenywa."